Wiki mbili za kwanza chekechea: njia ya Berlin kwenye mizani

Ukienda kukagua chekechea, iwe Mikocheni au Mbagala, utaonyeshwa ukuta uliochorwa twiga, bembea, magodoro ya kulalia na ratiba ya masomo. Ni nadra kuelezwa siku kumi za mwanzo za mtoto zitaendeshwaje na nani atakuwa naye, ingawa hilo litamgusa kuliko bembea. Kumzoesha mtoto ni huduma kama chakula na usafi. Unailipia ndani ya ada, kwa hiyo una haki ya kuipima.

Huduma iliyozoeleka ni ile ya "mlete Jumatatu, mwachie anti getini, atalia wiki moja kisha atazoea." Hiyo hatuipi alama. Watetezi wake husema kilio hukoma, na ni kweli hukoma, lakini mtoto anaweza kuacha kulia bila kutulia. Mtazame saa nne asubuhi, wakati wa uji. Aliyezoea anakula, anagombania kijiko, anamwita anti amfunge kiatu. Aliyenyamaza tu ameketi karibu na mlango, begi liko mgongoni na hataki livuliwe, uji umeshafanya utando mbele yake. Wote wawili hawalii. Kwa hiyo ukipigiwa simu ukaambiwa "leo hajalia", uliza amekula nini, amecheza na nani, na alipokwaruzika magoti alimkimbilia nani.

Njia tunayoipima hapa hutumika katika vituo vingi vya kulelea watoto nchini Ujerumani. Iliandaliwa Berlin katika miaka ya 1980 na watafiti Hans-Joachim Laewen, Beate Andres na wenzao, na imejengwa juu ya hoja kwamba mtoto mdogo huthubutu kuchunguza mahali papya akiwa na mtu anayemwamini karibu. Hoja hiyo si ya Wazungu peke yao: mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuatilia akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, na yale aliyoyaona huko yakawa sehemu ya msingi wa elimu nzima ya namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake.

Inavyofanya kazi ni hivi. Siku tatu za kwanza mzazi anakuja na mtoto, wanakaa darasani kama saa moja, kisha wanaondoka pamoja. Hakuna kuachana hata kwa dakika tano. Mzazi anakaa sehemu moja, kwenye kiti au mkeka, hamsukumi mtoto "nenda kacheze na wenzio", hachezi na watoto wengine, na simu iko mfukoni. Mtoto akirudi magotini anapokelewa, akitaka kwenda anaachwa aende. Anti naye hamvamii. Anakaa karibu, anazungusha gari au kupanga vibao, anangoja mtoto amsogelee. Wazazi wengi huona siku hizi tatu ni kupoteza muda. Kwa maoni yetu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na kituo kinachozikata kwa sababu "mtoto mwenyewe mchangamfu" kinakosea.

Siku ya nne ndipo jaribio linapofanyika. Dakika chache baada ya kufika, mzazi anaaga waziwazi na kutoka nje ya darasa, lakini habanduki eneo la kituo. Mtoto akitulia, au akilia kisha akakubali kubembelezwa na anti, mzazi anakaa nje kwa muda usiozidi nusu saa. Akilia na kukataa kabisa kushikwa, mzazi anarudishwa ndani baada ya dakika mbili tatu, bila kungoja kilio kigeuke kwikwi. Siku ya nne ikiangukia Jumatatu, jaribio husogezwa hadi Jumanne, kwa sababu Jumamosi na Jumapili za nyumbani huwa zimemrudisha mtoto nyuma.

Matokeo ya dakika hizo ndiyo yanayopanga ratiba iliyobaki. Mtoto aliyejimudu anaweza kumaliza kuzoeshwa kwa siku sita hivi. Aliyeshindwa apewe wiki mbili hadi tatu, na jaribio la pili lisifanyike kabla ya siku ya saba. Katika kipindi hicho anti anaanza kumlisha na kumbadilisha pampasi huku mzazi akiwa pale pale anatazama, halafu muda wa kuachana unaongezwa siku kwa siku. Kazi inahesabiwa imekwisha pale mtoto anapolia na kukubali kubembelezwa na anti. Kulia wakati wa kuagana peke yake si kushindwa.

Je, inawezekana Dar, Mombasa au Kampala? Inawezekana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu njia yenyewe haimtaki mama. Inamtaka mtu mmoja ambaye mtoto anamwamini, na awe huyo huyo kila siku. Bibi anafaa sana. Baba anafaa. Dada wa kazi aliyemlea mtoto mwaka mzima anafaa kuliko mzazi anayerudi nyumbani saa mbili usiku. Kinachovuruga ni kubadilishana: leo mama, kesho shangazi, keshokutwa dereva wa bodaboda. Kuhusu muda, omba saa tatu hadi saa nne asubuhi. Msukumano wa kupokea watoto umekwisha, anti ana mikono mitupu, na mzazi aliyeajiriwa anaweza kuomba ruhusa ya asubuhi badala ya likizo nzima.

Udhaifu wake mkubwa ni Januari. Kituo kikipokea watoto kumi na watano wapya siku moja na kina anti wawili, hakuna njia itakayosimama, kwa sababu mtoto anayelia anahitaji mikono na mikono haipo. Dawa ni kuwaingiza kwa makundi, wawili au watatu kwa wiki kwa kila anti. Mwenye kituo atalalamika kuhusu ada za wiki hizo. Mwambie uko tayari kulipa tangu tarehe moja hata kama zamu ya mtoto wako ni ya wiki ya tatu. Na usikubali jibu la "walimu wetu wote watamwangalia." Nchini Uingereza ni sharti kila mtoto kwenye kituo apangiwe mlezi wake. Kwetu uliza jina la anti mmoja, na uliza nani atashika nafasi yake akiugua.

Kuna mambo ambayo karatasi ya njia hii haiyagusi na huku kwetu huharibu kazi. La kwanza ni lugha. Mtoto anayesema Kiswahili nyumbani anapelekwa kituo cha Kiingereza akiwa na miaka miwili na nusu, anabanwa mkojo, hajui aseme nini, analowa, wenzake wanamcheka. Kesho yake hataki kwenda, na nyumbani hakuna anayejua sababu. Mwandikie anti maneno ya mtoto wako: anasemaje akitaka kukojoa, akitaka maji, akitaka kulala, na nyinyi nyumbani humwitaje. Kituo kinachokataza Kiswahili katika mwezi wa kwanza hakistahili mtoto wa umri huo.

La pili ni kutoroka. Mzazi anangoja mtoto ageukie mdoli, ananyata, anapotea. Mtoto akigundua, kuanzia siku hiyo hacheki wala hachezi, anamlinda mzazi asipotee tena. Aga kila mara, kwa maneno yale yale machache: "Mama anakwenda kazini, nitakuja baada ya uji wa jioni." Taja tukio analolijua, kwa maana saa tisa haina maana kwake. Kisha mkabidhi wewe mwenyewe kwa anti. Asichomolewe mikononi mwako. Ukishaaga, ondoka, usirudi dirishani. Pipi na vitisho vya "usiponyamaza nitakuacha hapa" vyote huacha shida ya kesho.

Kwenye begi weka kipande cha kanga uliyoivaa, isiyofuliwa, apate harufu yako wakati wa kulala. Kaptura iwe ya mpira kiunoni na viatu viwe vya kubandika, ili aweze kujivua mwenyewe. Usimwachishe pampasi, ziwa wala chuchu ya bandia katika wiki hiyo hiyo, na kama mtoto mwingine anakaribia kuzaliwa, anza mapema au ngoja miezi kadhaa baadaye, asije akaona amepelekwa ili mgeni apate nafasi.

Tegemea pia kurudi nyuma. Wapo wanaoingia wakicheka wiki ya kwanza kisha wakaanza kulia ya pili au ya tatu, upya ukishaisha na mtoto akishaelewa kwamba kuja ni kila siku. Homa ya siku nne nayo hurudisha nyuma. Akirudi kituoni, mpe siku moja au mbili za muda mfupi. Kukojoa kitandani, kung'ang'ania mgongoni jioni na kuamka usiku kwa wiki chache ni kawaida.

Kwa jumla tunaipa njia hii nne kati ya tano. Nukta moja tumeikata kwa sababu inamtegemea mno mwajiri atakayetoa ruhusa na kituo chenye anti wa kutosha, na wazazi wenye kazi za kibarua hawana hata kimoja.

Kabla ya kulipa, omba kuona cheti cha usajili. Kwa Tanzania, vituo vya kulelea watoto mchana vimo ndani ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako ndiyo ya kuulizia. Halafu uliza swali moja: "Naruhusiwa kukaa ndani na mwanangu siku tatu?" Wakikataa kata kata, tafuta kwingine. Na kama mtoto ameshaanza na baada ya wiki tatu bado hali wala hanywi akiwa kituoni, au anajikunyata anti akimsogelea, usingoje muhula uishe. Fika bila taarifa saa tano asubuhi, omba kuingia darasani, na wakikuzuia mchukue siku hiyo hiyo.