Mti wa kuanzia kuchonga ukishastaafu: ununue upi Malindi?

Mstaafu anayetaka kujifunza kuchonga akipita kwenye vibanda vya vinyago hapa Malindi, jicho lake huenda kwenye kile cheusi kinachong'aa, na swali la kwanza huwa ni mpingo unauzwa wapi. Swali hilo lisubiri. Mpingo huwachosha hata mafundi na kuzila patasi zao, sembuse mkono wa miaka 60 uliozoea kalamu au usukani. Mti wa kuanzia ni ule unaokubali kisu, usio na bei ya kukutia woga wa kuuharibu, na unaopatikana karibu na kwako. Kwa vigezo hivyo, mimi napanga hivi.

Wa kwanza, tena kwa mbali, ni mwarobaini, au mkilifi kama wengi tunavyouita huku. Umejaa kila ua, ukikatwa huchipua tena, na uchungu wake huwakinaisha mchwa na bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Tangu miaka ya 1990 shirika la uhifadhi wa mazingira la WWF na vyama vya wachongaji wa Pwani wamekuwa wakiuhimiza badala ya miti ya msituni, kwa hiyo hutahangaika kumpata fundi anayeujua. Sikiliza jirani anapopunguza matawi au kuangusha mti mzima, ukamwahi kabla ya muuza kuni.

Ununue ukiwa mbichi. Mwarobaini mbichi hukatika vizuri, mkavu hukaidi. Mafundi hutoa umbo kukiwa bado na maji, wakakiacha kinyago kikauke kivulini, ndipo wakamalizia kwa tupa na msasa. Kabla ya kulipa, litazame gogo miishoni. Ukiona nyufa zinazoanzia kwenye kiini na kutawanyika kuelekea ganda, gogo hilo limeshaanza kupasuka na halitaacha. Hata likiwa zima, mwambie muuzaji alipasue kandokando ya kiini, nawe uchukue upande usio na kiini. Ukifika nyumbani, siku hiyohiyo, paka miisho yote miwili rangi iliyobaki ya dirisha, au gundi ya mbao, au nta ya mshumaa. Maji hutoka kwa kasi zaidi miishoni kuliko ubavuni, na hapo ndipo mipasuko huanzia. Msimu wa kaskazi upepo mkavu hauna huruma: usiweke kipande juu ya bati wala barazani penye jua. Kifukie ndani ya gunia la vumbi la mbao, kitoe tu unapokifanyia kazi. Kusi mambo huwa nafuu, ila angalia ukungu.

Kasoro zake? Nyuzi hupishana, hivyo patasi inaweza kung'oa badala ya kukata. Ikitokea, geuza kipande uchonge kutoka upande wa pili. Vumbi lake huwasha pua na macho, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa, hasa kama una pumu.

Wa pili ni mwembe. Mashamba ya huku hayakosi miembe mizee iliyoacha kuzaa, na wenyewe huikata. Mti wake si mzito sana, na ndio ningemshauri anayetaka kutengeneza mwiko, bakuli au mpini wa upawa. Tatizo ni bungua. Ukiona vitobo vya ukubwa wa kichwa cha pini, na unga mwembamba unaomwagika ukikigonga kipande, rudisha. Mwembe uliolala na unyevu pia hushika madoa ya kijivu, ingawa hayo si ugonjwa, ni sura tu. Kama utomvu wa embe hukuwasha ngozi, vaa glavu.

Jakaranda ningeuweka hapohapo na mwembe, kwa ulaini wake. Lakini huo ni mti wa bara zaidi, labda mwanao akija likizo akuletee kipande kwenye buti la gari.

Wa tatu ni saipresi ya dukani, zile mbao za kuezekea. Ni laini na rahisi kupata, yafaa kwa kujifunza herufi na maua ya juujuu. Chagua isiyo na vifundo, na kisu kiwe kikali kwelikweli kwa sababu hupasuka ikifuata nyuzi. Ile ya kijani iliyotiwa dawa usiiguse. Vumbi lake si la kuvuta.

Wa nne ni mabaki ya mbambakofi na mtiki kutoka karakana za milango. Ni miti migumu, na mtiki humaliza makali ya patasi upesi, lakini kama moyo wako uko kwenye nakshi za milango ya Lamu, hiyo ndiyo shule yake. Subiri mpaka ujue kunoa. Na kama una shilingi za ziada, nunua kinoo kizuri kabla ya patasi ya tatu.

Muhugu nimeuacha makusudi. Unanukia na unachongeka vizuri mno, na ndio maana umekatwa sana katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Anayekuuzia kwa bei ya kutupa muulize shamba la nani na kibali kiko wapi. Akianza kuzungukazunguka, nenda zako. Mnazi una nyuzi nene zinazochanika, mvinje na mkoko ni boriti: viache kwa wajenzi.

Mara ya kwanza chukua vipande viwili tu vya mwarobaini, kila kimoja urefu wa sentimita 20 na unene wa 8 hivi, ili kimoja kikipasuka kingine kiwepo. Kipande kikubwa hutaweza kukishika vizuri kwa mkono mmoja, na kama vidole vina baridi yabisi, kibane kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, badala ya kukipakata.