Marisau ya Kumwindia Kanga: Tathmini ya Maboksi Mawili Yenye Namba Ileile

Maboksi mawili ya risasi za shotgani niliyonunua kwa muuzaji mwenye leseni mjini Dodoma yanafanana kwa karibu kila kilichoandikwa juu yake: geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), risasi 25 kwa kila boksi, urefu wa milimita 70, gramu 32 za marisau, yaani punje zilizomo ndani ya risasi, na namba 5 iliyopigwa chapa kubwa ubavuni. Moja limetengenezwa Uingereza, na la pili, lililo ghali zaidi, limetoka Marekani. Muuzaji alizikagua karatasi zangu kwa makini na akauliza silaha yangu ina chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, ya urefu gani, jambo linalostahili sifa, lakini nilipomuuliza tofauti ya maboksi hayo alijibu kuwa namba ni ileile, hivyo nichague kwa bei. Hapo ndipo mnunuzi anapopotezwa, kwa kuwa namba 5 ya Uingereza na namba 5 ya Marekani ni marisau mawili tofauti kabisa.

Namba ya Marekani huhesabiwa kwa kanuni yao, na namba 5 yao ina kipenyo cha milimita 3.05, wakati namba 5 ya Uingereza ina milimita 2.8, ambayo Mmarekani angeiita namba 6. Katika mzigo wa gramu 32, risasi ya Uingereza hubeba punje karibu 250, ilhali ya Marekani hubeba karibu 190. Tofauti ya punje 60 si ndogo unapomlenga ndege anayekimbia. Kwa hiyo boksi la Uingereza napendelea kulisifu kwanza kwa jambo dogo, kwamba limeandikwa kipenyo cha punje kwa milimita waziwazi. Lile la Marekani halikuandikwa, na mnunuzi asiyejua hana namna ya kugundua.

Wawindaji wengi wa kwetu wanaotafuta ushauri mtandaoni hukutana kwanza na maandishi ya Wamarekani kuhusu bata mzinga wa porini, ambao husisitiza namba 4, 5 na 6, mtutu uliobanwa sana mdomoni na mizigo mizito. Ushauri huo ni sahihi kwa ndege wao. Dume la bata mzinga hufika kilo 8 na kupita, na mwindaji humwita kwa sauti ya jike huku yeye ameketi kimya, kisha humpiga kichwani na shingoni akiwa amesimama, hivyo anachohitaji ni marisau yaliyoshikana katika duara dogo. Siku hizi wapo hata wanaotumia punje ndogo za namba 9 zilizotengenezwa kwa tungsteni, madini mazito kuliko madini ya risasi yanayotumika kwa marisau ya kawaida, na punje hizo hupenya vizuri licha ya udogo wake. Bei yake sitaki hata kuijadili.

Kanga wetu ana uzito wa kilo moja na robo hivi, na hasubiri kuitwa. Katika vichaka vya Manyoni au pembezoni mwa mashamba ya mtama na uwele huko Bahi na Chemba, kundi likikushtukia hukimbia kwanza, tena kwa kasi ya kuudhi, na huruka pale tu linapobanwa. Anayelengwa ni ndege mwenye mwendo, kwa kawaida katika mita 25 hadi 35, na mwili wake ndio shabaha. Anayetaka kumwinda awe na kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ahakikishe mahali alipo panaruhusiwa, kwa kuwa Swagaswaga na Mkungunero ni mapori ya akiba na si vichaka vya kila mwenye bunduki.

Niliyapima maboksi yote mawili kwa karatasi pana, katika uwanja wa shabaha, umbali wa mita 30, kwa mtutu wenye choki (mbano wa mdomo wa mtutu) ya nusu. Marisau ya Uingereza yalijaza duara la sentimita 76 kwa usawa wa kuridhisha, bila nafasi ambayo kanga angepenya mzima. Ya Marekani yalikusanyika vizuri katikati lakini pembeni yaliacha mapengo, na nilipoweka choki kamili yakabana zaidi, jambo ambalo mwindaji wa bata mzinga angelifurahia. Kwa mtutu wangu, basi, boksi la bei nafuu ndilo bora kwa kanga. Mtutu mwingine unaweza kutoa jibu tofauti, na karatasi ya kupimia ni rahisi kuliko boksi la pili la risasi. Upimaji ufanyike asubuhi, kwa maana upepo wa Dodoma wa katikati ya mwaka huangusha karatasi kabla hujafyatua.

Wapo wanaoshuka hadi milimita 2.4 kwa hoja kwamba punje nyingi ni bora. Kwa kwale nakubaliana nao. Kwa kanga sikubali, kwa sababu punje ya milimita 2.4 ina uzito wa karibu nusu ya punje ya milimita 3, manyoya ya kanga ni magumu, na matokeo yake ni ndege anayeondoka na majeraha akafie mbali, au nyama iliyojaa punje za kuvunja meno ya wageni wako.

Kati ya baruti na marisau, risasi za Uingereza zina kizibo cha sufi iliyoshindiliwa badala ya kikombe cha plastiki. Hilo hulegeza kidogo ule mshikamano wa marisau, lakini hakuna plastiki inayobaki malishoni ambako ng'ombe wa Wagogo hupita kila siku. Maganda yenyewe ni ya plastiki, kwa hiyo yaokotwe. Kishindo begani ni cha wastani kwa yote mawili.

Kwa wenye bunduki kongwe za mitutu miwili, risasi hizi za milimita 70 hazifai ikiwa chemba imechongwa kwa milimita 65, hata kama zinaingia bila shida, kwani ganda hukosa nafasi ya kufunguka na mgandamizo hupanda kwa hatari. Urefu wa chemba kwa kawaida hupigwa chapa chini ya mtutu. Vilevile, risasi ya geji 20 ikichanganyika mfukoni na za geji 12 huteleza ndani ya mtutu na kukwama mbele ya chemba, na ikifuatiwa na risasi nyingine mtutu hupasuka. Ndiyo maana watengenezaji huzipaka za geji 20 rangi ya njano.