Uzoefu wangu: kibali cha kubadilisha paa, "sisi hatushughuliki na mvua"

Wajenzi na wenye nyumba someni hii kabla hamjashusha hata kigae kimoja. Mi bado nina hasira kwa hiyo mtanisamehe nikienda mbio.

Nimefika ofisi ya vibali na bahasha yangu, hati ya kiwanja, mchoro wa paa, risiti za kodi ya jengo, kitambulisho, kila karatasi na nakala yake, nimekaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, zamu yangu imefika nakuta kijana sawa na mwanangu wa mwisho, hajaniamkia, hajaniangalia, kashika simu. Namweleza nataka kutoa vigae vya zamani niezeke bati, vigae vimepasuka, maji yanaingia darini yanafika kwenye nyaya za umeme, na mvua ndo hizo zimeanza. Akanijibu kichwa hajainua: "Mama, sisi hatushughuliki na mvua."

Jamani. Ofisi inayotoa vibali vya mapaa haishughuliki na mvua. Sasa paa ni la nini mwanangu, la urembo?

Hilo jibu nimelala nalo, nimeamka nalo, mpaka leo nikiosha vyombo nalisikia. Maana angeniambia mama subiri, au mama rudi kesho, ningeelewa, kuchoka kazini kupo. Ila yeye kanijibu kama vile nimekuja kumlalamikia mawingu.

Na kilichokosekana kwenye bahasha unajua ni nini? Barua ya mhandisi kuhusu uzito wa paa jipya. Natoa vigae naweka bati! Vigae vya zege ni kilo 40 mpaka 50 kwa kila mita ya mraba, bati lenyewe ni kilo 5 hivi. Napunguza mzigo, siongezi, hata mtoto wa shule anaona. Nikamwambia hivyohivyo, taratibu, kwa heshima. "Fomu inasema barua ya mhandisi." Nikauliza sababu. "Fomu ndo inavyosema." Basi, kaita mwingine.

Halafu kumbuka hapo nilikuwa nimeshaomba mtandaoni kama wanavyotaka. Huo mfumo nao una visa vyake, mchoro ukiwa mkubwa unakataa kupanda, ukiupunguza unapanda halafu unarudishiwa na maelezo kwamba hausomeki, ukifanikiwa unaambiwa chapisha kila kitu ulete kwa mkono. Sasa mtandao ulikuwa wa nini? Getini ukitoka unakutana na vijana wa "nikusaidie mama, ndani nina mtu", na kwa hali ile naelewa kabisa kwa nini wanapata wateja. Kwenye ada sitaki hata kukaa sana, walinipigia hesabu kama najenga nyumba nzima upya, nikabishana, wakarekebisha, yakaisha.

Barua ya mhandisi nikaitafuta, nikalipa huku nanung'unika, nikapeleka. Ndipo akaja mkaguzi.

Huyu sijui walimtoa wapi. Kafika na ngazi yake, "shikamoo mama", kapanda darini na tochi, anachoma mbao mojamoja kwa bisibisi. Sehemu moja bisibisi ikazama yote. Ile mbao iliyolala juu ya ukuta, inayobeba kenchi (zile fremu za mbao zinazoshika paa), imeoza upande wa nyuma ambako maji yamekuwa yakitiririka kimyakimya bila sisi kujua. Fundi wangu alikuwa ameshapanda humo darini na hakuona, au aliona akanyamaza, hayo mimi na yeye tutaongea.

Akashuka, akakaa, akanieleza. Kumbe kwenye kazi kama yangu hofu kubwa sio uzito kuwa mwingi, ni uzito kuwa mdogo. Vigae vinajikandamiza vyenyewe, kuta na kenchi zimezoea ule mzigo wa juu. Ukiweka bati, paa linakuwa jepesi, upepo mkali ukipita juu yake unalivuta kwenda juu, na ukiingia chini ya kingo au kwenye baraza unalisukuma kwa chini, kwa hiyo linanyanyuliwa pande zote mbili. Kwa hiyo kenchi inatakiwa ifungwe mpaka kwenye ringi bimu, ile boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta, kwa mikanda ya chuma, sio kupigiliwa misumari ikaachwa ijitegemee, bati nalo lishikwe kwa skrubu zenye mpira, na kwenye kingo na kona ziwe karibukaribu zaidi kwa sababu huko ndiko upepo unakovuta sana. Ndo maana wanataka mhandisi aangalie.

Hapo nusura niandike nyota tano, nawaambia ukweli. Nikasema kumbe fomu ina akili, kumbe hawa watu wanajua kazi.

Halafu nikaja kuisoma tena fomu usiku na hasira zikarudi maradufu, maana fomu inauliza uzito tu. Upepo haupo. Mhandisi wangu kwa bahati ni mtu makini, aliandika na habari ya kufunga kenchi, lakini ningempata wa kujibu alichoulizwa angeandika uzito umepungua, hakuna tatizo, akagonga muhuri, na kijana wa dirishani angeipokea kwa furaha maana barua ipo, na siku ya upepo mabati yangu yangeokotwa kwa jirani. Sababu ilikuwepo muda wote, nzuri kabisa, inaelezeka kwa dakika mbili, ila mwenye kuijua anakaa chumba cha nyuma na anayekutana na wananchi anajua neno "fomu" tu.

Sasa kuna kitu kinaitwa ukaguzi kabla ya kufunika. Vigae vimeshashushwa, mbao mpya imewekwa, kenchi zimefungwa, fundi haruhusiwi kupandisha bati mpaka mkaguzi aje aone, kwa sababu bati likishapanda ile mikanda haionekani vizuri. Sawa, nakubali. Lakini kumwita mkaguzi unapitia wapi? Dirisha lilelile. Nikaambiwa ombi limepokelewa, nisubiri. Nyumba iko wazi, turubai linapiga kelele usiku kucha, magodoro tumeyarundika kwenye chumba kimoja, mvua ikaja (ile wasiyoshughulika nayo), fundi ananiambia tufunike tu mama hatajua. Nikakataa, maana akija akikuta pamefunikwa ana haki ya kukwambia fumua, na hapo unalipa fundi mara mbili. Mwishoni mkaguzi alikuja baada ya mtu mmoja wa ofisini, simtaji asije akaponzwa, kumnong'oneza kwamba kuna nyumba iko wazi. Kumbe ombi langu halikuwa limemfikia kabisa. Lilikuwa chini ya faili lingine, pale pale dirishani!

Kwa anayetaka kwenda: uliza kwanza kama kazi yako wanaihesabu ni matengenezo au mabadiliko. Sehemu nyingi kurudishia vigae vichache vya aina ileile hakuna kibali, ila ukibadilisha aina ya paa au ukigusa kenchi ndo unaingia kwenye mlolongo huu. Kila unachopeleka hakikisha wanakusainia nakala yako ubaki nayo. Mhandisi mwambie aandike habari ya upepo hata kama hajaulizwa. Na usikubali paa la zamani lishushwe kabla hujapewa tarehe ya ukaguzi, ya maandishi, sio "tutakupigia".

Mabati yameshapanda, kofia ya kileleni mwa paa imekaa vizuri, mkaguzi amesaini siku hiyohiyo. Cheti cha kukamilisha kazi kimeshaandikwa, nimekiona mezani kwa macho yangu haya. Kinasubiri muhuri. Muhuri uko kabatini, mwenye kabati yuko likizo na ameondoka na ufunguo. Nyota nitaweka akirudi.