Kituo cha uyoga hapa Portland: walinirudisha nyumbani kwanza, na ndo maana nawaamini

Nyota nne kati ya tano. Naandika kwa Kiswahili makusudi maana ndugu zetu wengi hapa Oregon wanaulizia kimyakimya hii huduma ya uyoga wenye psilosaibini, ule unaobadilisha fahamu.

Kwanza tuelewane, hili si duka la kununua ukaondoka na mfuko. Wananchi walipiga kura ya kuiruhusu 2020, vituo vikaanza kufunguliwa 2023, uyoga unaoruhusiwa ni aina moja tu, Psilocybe cubensis, unatumia palepale mbele ya msimamizi mwenye leseni na lazima uwe na miaka 21 kwenda juu. Mi nilienda sababu tangu mama afariki nilikuwa silali.

Kituo cha kwanza nilichopiga simu waliniomba namba ya kadi kabla hata hawajaniuliza jina, nikakata. Hapa kikao cha kwanza kilikuwa maswali matupu saa nzima na nusu, unameza dawa gani, umewahi kutumia lithiamu (dawa ya ugonjwa wa akili), umewahi kusikia sauti, kwenu kuna aliyewahi kuchanganyikiwa? Nikasema ndiyo, mama mdogo. Dada msimamizi aliyekuwa akiniuliza akaweka kalamu chini akasema leo hatupangi tarehe, kaongee na daktari wako kwanza. Nilikasirika aisee, nilishaomba ruhusa kazini! Sheria inamzuia aliyewahi kuchanganyikiwa hivyo mwenyewe, au aliyetumia lithiamu ndani ya siku 30, ya mama mdogo wangeweza kunyamaza wakachukua hela yangu.

Nikarudi baada ya wiki sita, daktari keshaniruhusu. Uyoga umesagwa, umo kwenye kikombe cha maji ya moto na tangawizi, ladha kama mchicha uliolala. Dakika arobaini hivi maua ya zulia yakaanza kupanda na kushuka kama yanapumua, moyo ukaenda mbio nikataka kutoka nje. Yule dada hakuniambia tulia. Aliniuliza kama bado nataka anishike bega, maana tulishaandikiana mapema wapi aguse na wapi asiguse, akaweka kiganja tukavuta pumzi pamoja mpaka hofu ikapita. Afu nikalia, kilio cha msiba ambao sikuuhudhuria, mama alizikwa Tanga mi nikiwa zamu huku. Masaa sita. Na hawakuniachia mpaka shemeji alipofika na gari, usafiri wa kurudi unapangwa kabla, hujiendeshi.

Ukutani wana picha ya bibi María Sabina, Mmazateki wa Huautla kule Meksiko, kwao uyoga huu ulikuwa wa usiku wa kumwombea mgonjwa. Jarida la Marekani lilipoandika habari zake 1957 wageni wakamiminika kutafuta starehe, mwisho nyumba yake ikachomwa moto. Nilimwangalia sana yule bibi kabla sijanywa.

Jamani, kama makaratasi yako bado, USIGUSE kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Jimbo limeruhusu ila serikali kuu bado inakataza, na ukikiri tu kwamba ulitumia inaweza kukuharibia. Mi nilisubiri uraia.

Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya kikao cha baada, kilikuwa simu ya dakika ishirini, na nimelipa dola 1,400 jumla. Kwa mtu aliyefungua kidonda kikubwa hivyo, dakika ishirini hazitoshi, nimewaambia na wamesema wataongeza.