Kikapu cha sikukuu kutoka kwa wazalishaji wadogo: uzoefu wangu

Hii ni tathmini ya zawadi za Krismasi nilizokusanya kwa wajasiriamali wadogo, bidhaa moja moja, badala ya kuchukua kikapu kilichofungwa tayari supamaketi. Ndani kuna asali ya Tabora, sabuni ya mwani kutoka Zanzibar, kahawa ya Kilimanjaro na viungo, vyote kwenye kikapu cha milulu cha Iringa. Bajeti ni shilingi 60,000 kwa kikapu, nauli ya mzigo kando. Kwa ubora natoa nyota 5. Kwa urahisi natoa 3, na hizo mbili zilizokatwa zimeliwa na muda pamoja na usafiri.

Naanza na kikapu chenyewe, maana ndicho kitakachobaki nyumbani kwa mtu baada ya vingine kuliwa. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kikapu kizuri ni kitu cha kwenda nacho sokoni kila wiki, hivyo chagua cha kazi. Vikapu vya Iringa hufumwa na akina mama kwa milulu, majani yanayoota maeneo yenye maji, na huwa laini na vyepesi kuliko vya ukindu vya pwani. Pa kuangalia ni kwenye mikono. Kikapu kikichoka huanzia hapo: uzi unakatika mahali mkono unapoungana na ukingo. Geuza ukingo uone kama mshono umepita mistari kadhaa ya mfumo au umeshika ule wa juu tu. Halafu vuta mkono kwa nguvu kidogo. Mwenye bidhaa nzuri hatakununia. Kama ni cha rangi, sugua sehemu yenye rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye nguo ya atakayekibeba.

Vikapu vinavyosafirishwa kutoka mkoani hubanwa, vikafika vimepinda. Hilo ni dogo. Vinyunyizie maji kiasi, vijaze magazeti hadi umbo lirudi, viache kivulini mpaka vikauke kabisa. Usivifunge kwenye nailoni vikiwa bado na unyevu. Kwa joto la Dar ukungu utatokea, na ile harufu haitoki hata ukianika.

Asali ndiyo inayoleta maswali mengi, na ndiyo yenye wauzaji wababaishaji wengi. Kwanza kipimo. Wengine wanauza kwa lita, wengine kwa kilo, na mnunuzi analinganisha bei kana kwamba ni kitu kilekile. Asali ni nzito kuliko maji: nusu lita ina uzito wa takriban gramu 700, wakati nusu kilo inajaza chupa ya mililita 350 tu. Kwa hiyo chupa inayoonekana ghali inaweza kuwa ndiyo ya bei nafuu. Geuza bei zote ziwe za kilo moja kabla ya kuamua.

Pili, vile vipimo vya mtaani. Kudondosha tone kwenye maji, kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa, kupaka kwenye karatasi: sukari iliyochemshwa ikawa nzito inafaulu vyote hivyo. Nauliza maswali badala yake. Imevunwa wilaya gani? Ni ya nyuki wakubwa au wadogo? Imekamuliwa kwa mashine au kwa mkono? Ilichujwa kwa kitu gani? Mfugaji au mtu anayechukua moja kwa moja kwa wafugaji hujibu bila kusita, tena atakuongezea na habari usizouliza. Mchuuzi aliyenunua ndoo kwa mtu asiyemjua ataishia kusema ni asali mbichi, original. Muuzaji mmoja niliyemuuliza hayo aliacha kujibu meseji, nami nikahamia kwa mwingine.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni nyepesi, ina uchachu, na bei yake iko juu sana. Kama zawadi inavutia, lakini ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, hivyo huchacha haraka. Kwa asali ya kawaida, unyevu ukizidi asilimia 20 hivi, chachu inaamka: utaona mapovu juu, kifuniko kimevimba, na ukifungua inanukia wanzuki, ile pombe ya asali. Kwa kikapu kitakachokaa wiki kadhaa kabla ya kufunguliwa, chukua ya nyuki wakubwa. Ikiganda chini, haijaharibika na wala hakuna aliyetia sukari. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, nusu saa, itarudi. Usiichemshe, utapoteza harufu yake. Jambo moja la kuandika kwenye kadi kama nyumba ina kichanga: mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulamba.

Chupa ikisafiri huvuja kwenye kifuniko. Weka kipande cha nailoni safi juu ya mdomo wa chupa kabla ya kufunga, kaza, kisha zungusha utepe wa gundi. Isimamishe katikati ya kikapu, ikibanwa pande zote na vitu laini. Chupa za maji zilizotumika nazikataa moja kwa moja, hata asali iwe nzuri kiasi gani.

Sabuni ya mwani inahitaji uiagize mapema kuliko kitu kingine chochote. Mwani unalimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, zaidi na wanawake, pande za Paje, Jambiani na Bwejuu. Ukiuzwa mkavu kwa wanunuzi wa nje bei ya kilo ni ndogo, na ndiyo maana vikundi vya akina mama vimeingia kwenye sabuni. Sabuni inayotengenezwa bila kupikwa inahitaji wiki 4 hadi 6 za kukaa rafuni ikauke baada ya kukatwa. Ukiagiza vipande 30 tarehe 10 Desemba, utapewa ama iliyobaki dukani ama ambayo haijakomaa. Hiyo ya pili ni laini, inaisha haraka bafuni na inaweza kuchoma ngozi. Mimi naweka oda mwanzoni mwa Novemba na nauliza tarehe ya kukatwa. Usikubali ifungwe kwa nailoni isiyopitisha hewa. Kwenye unyevu wa pwani inatoka jasho na lebo inaoza. Karatasi au kitambaa chepesi kinatosha.

Sasa hapa pana jambo ambalo wafungashaji wengi hawalijui: kahawa inavuta harufu. Ukiweka sabuni ya karafuu au mchaichai ubavuni mwa pakiti ya kahawa ya karatasi, baada ya siku chache kikombe kitakuwa na ladha ya bafu. Sabuni naifunga karatasi mara mbili na kuipeleka kona moja, viungo kona nyingine, kahawa juu, na lazima iwe kwenye mfuko uliozibwa wenye kile kitundu cha kutolea hewa. Kwenye kahawa nasoma tarehe ya kukaangwa. Ile ya mwisho wa matumizi hainisaidii. Gramu 250 zinatosha zawadi. Kama hujui anayepokea ana kifaa gani nyumbani, agiza iliyosagwa, maana watu wengi wanachemsha kwenye sufuria au birika, na punje nzima zitabaki kuwa pambo la kabati.

Viungo nanunua vizima: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Vya unga huwezi kujua vimechanganywa na nini. Karafuu ibonye kichwani kwa ukucha, mafuta yatoke. Ukiitia kwenye glasi ya maji, nzuri inazama au inasimama wima, na iliyokwisha kukamuliwa mafuta inalala juu. Zafarani ya bei chee inayouzwa kwa wageni achana nayo. Ni petali za ua la mmea mwingine, zinatoa rangi tu.

Kwa anayetaka kuongeza kitambaa, batiki za Dar zinafaa kuliko khanga, kwa sababu khanga nyingi madukani zimechapwa nje ya nchi. Uliza imesuuzwa mara ngapi. Rangi za batiki huingizwa kwa kostiki soda, na isiyosuuzwa vizuri inawasha na kunuka. Ikiwa na nta iliyobaki, weka gazeti juu na chini, pitisha pasi ya moto, badilisha gazeti hadi lisichukue tena mafuta.

Malipo. Natanguliza nusu, nusu nyingine namalizia nikiona picha ya mzigo uliofungwa pamoja na stakabadhi ya basi. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na ulilopewa, simamisha na upige. Na tafadhali, ukituma kwenye namba ya kawaida tuma na ya kutolea. Kwenye kipande cha sabuni, makato ya kutoa yanaweza kumaliza faida yote ya dada wa watu. Lipa Namba, ile namba ya malipo ya biashara, ni bora kwa wote wawili. Kuhusu bei, kubishana kama uko Kariakoo kwa kitu kimoja sioni maana yake, ila kuanzia vipande 10 ni haki yako kuulizia bei ya jumla.

Usafirishaji ndiko nilikopata adha. Mzigo mmoja ulikaa siku tatu kwenye ofisi ya basi kwa sababu namba ya mpokeaji iliandikwa kwenye stakabadhi tu, na stakabadhi haikuwa pamoja na boksi. Andika jina, simu mbili na kituo cha kushukia juu ya boksi lenyewe, kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili. Toa picha. Mwombe mtumaji namba ya basi na muda wa kuondoka. Kuanzia katikati ya Desemba shule zimefungwa, watu wa Moshi na Arusha wanapanda kwao, na kwenye buti begi la abiria linatangulia boksi lako. Mzigo wangu wa mwisho sitaki uvuke tarehe 12. Boksi lenye asali liandikwe USILAZE UPANDE, na hata hivyo lifunge ukijua litalazwa.

Ofisi zinazoagiza vikapu vingi kwa wafanyakazi ziulize risiti kabla ya kutoa oda. Wazalishaji wengi wa ngazi hii hawana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, na mhasibu wenu atagoma kulipa bila hiyo. Vikundi vilivyosajiliwa mara nyingi vinayo; namba zao huwa nazichukua kwenye maonyesho ya Sabasaba mwezi Julai na Nanenane Agosti, wakiwa na sampuli mezani na muda wa kujibu maswali. Kwa bidhaa za chakula, hapo hapo naangalia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwenye lebo.