Asidi ya traneksamiki katika upasuaji wa kukaza ngozi ya uso: uzoefu wangu

Nilikazwa ngozi ya uso na shingo hapa Nairobi, na kati ya yote niliyopewa, ninayotaka kuieleza ni dawa ya kupunguza damu: asidi ya traneksamiki. Wengi wetu huulizia bei na makovu. Habari ya damu haiulizwi, ilhali damu kuvilia chini ya ngozi ndilo tatizo linaloongoza baada ya upasuaji huu. Ikijikusanya nyingi, ngozi iliyoinuliwa inaweza kufa, na mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji hata kama ni usiku wa manane.

Dawa yenyewe si ngeni. Ilitoka Japani mwaka 1962, kazi ya Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliokuwa wakitafuta namna ya kuokoa kina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000, wakiwemo wa Kenya, Tanzania na Uganda, ulionyesha kuwa inapunguza vifo vya namna hiyo, hasa ikitolewa ndani ya saa 3. Dada yangu aliwahi kuandikiwa vidonge vyake kwa ajili ya hedhi nzito, kwa hiyo jina halikunitisha.

Daktari wa nusukaputi alinielewesha vizuri. Alisema dawa hii haigandishi damu. Kuganda ni kazi ya mwili wenyewe. Inachofanya ni kuuzuia mwili usiyeyushe haraka bonge lililokwisha kuziba mshipa. Usoni hilo lina maana kubwa, kwa sababu ile ganzi huchanganywa na adrenalini inayobana mishipa. Upasuaji ukiisha, adrenalini nayo huisha nguvu, mishipa hufunguka, na hapo ndipo damu huanza kuvuja ukiwa tayari wodini.

Kabla ya kukubali kunipa, alinihoji kwelikweli, na hapo ndipo nilipomwamini. Nimewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu? Kiharusi je? Kifafa? Figo zikoje? Natumia vidonge vya kupanga uzazi? Presha yangu ilipimwa mara kwa mara. Aspirini, ibuprofeni, vitamini E na mafuta ya samaki nilikuwa nimekwisha kuambiwa niviache mapema. Dada zangu, majibu ya maswali haya yana uzito kuliko dawa yenyewe. Mkutapo kliniki inayotaka kuwachoma sindano hiyo bila kuuliza, ondokeni.

Nilichomwa gramu 1 kwenye mshipa, polepole, maana ikisukumwa haraka presha inaweza kushuka. Nilipozinduka nilikuwa na mrija mwembamba nyuma ya kila sikio, ukiingia kwenye kichupa. Muuguzi alipokuja kupima asubuhi, damu ilikuwa imefunika kitako tu cha kichupa, na ule ugiligili uliokuwa ukiteremka mrijani ulikuwa umekwisha kupauka, rangi ya maji ya rozela. Shingoni nilivilia upande mmoja, zambarau iliyogeuka manjano, na hereni nilianza kuvaa mapema kuliko nilivyotarajia. Kichefuchefu nilikipata, ila siwezi kuibebesha dawa hii lawama. Nusukaputi nayo huleta.

Je, ni dawa iliyonisaidia, au ni mikono ya daktari na presha iliyotulia? Naamini ni vyote kwa pamoja, na ningeiomba tena. Haichukui nafasi ya daktari anayeziba kila mshipa kwa subira kabla ya kushona.

Lakini nina lalamiko. Kutumika kwake katika upasuaji wa urembo si mojawapo ya matumizi yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Madaktari huitumia kwa uamuzi wao wa kitaalamu, jambo linaloruhusiwa. Hata hivyo, fomu ya ridhaa niliyotia sahihi haikuitaja popote. Kama daktari wa nusukaputi asingekuwa mtu wa kueleza, ningeondoka pale bila kujua nimechomwa nini. Mgonjwa aliyekuja kwa hiari yake, tena mzima wa afya, anastahili kuandikiwa hilo waziwazi.

Dawa naipa nyota 5 kati ya 5. Kliniki naipa 4, na hiyo moja wataipata siku watakapoirekebisha fomu yao.