Sensa ya rada ya taa: kwa bibi iko poa, ila inaona mpaka kwa jirani

Hii sensa ya rada ya 24 GHz nimeichukua duka la spea za elektroniki hapa Mwanza mjini, elfu 25, nikaifunga chumba cha bibi kule Igoma ili taa ijiwashe yenyewe. Ile ya zamani ya kusoma joto ilikuwa inamzimia taa akiwa anasali rozari, maana akishatulia kwenye kiti yenyewe inaona hakuna mtu, basi anapunga mkono gizani, bibi wa miaka 80 jamani. Ya rada inarusha mawimbi na kusoma yanayorudi, hata kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi inanasa, taa haizimi mpaka atoke. Hapo naipa tano kwa tano. Feni tu ndo inaichanganya.

Sasa juzi bibi kaenda Sengerema, chumba kitupu, saa sita usiku taa inawaka. Nikafungua programu yake kwenye simu nakuta inaonyesha mtu yupo mita 4, na chumba chenyewe mita 3 hakifiki. Nikapima na futi kamba, kumbe ni kitandani kwa dada mpangaji wa chumba cha pili, katikati ni plaiwudi tu iliyopakwa rangi. Mawimbi haya plaiwudi na jipsamu yanapita, bati ndo linayarudisha. Aisee niliumia, nimekaa na simu najua mtoto wa watu karudi saa ngapi na kwamba hajalala na mwenyewe hana habari. Marekani polisi wana kidude kinaitwa Range-R, wanakigusisha ukutani kinawaambia kama ndani kuna mtu anapumua, hata zaidi ya mita 15, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa huko, Jaji Neil Gorsuch ndo aliandika, ilisema kukitumia kwenye nyumba ya mtu bila kibali ni suala zito. Hao ni polisi, mimi nilikuwa nataka taa tu.

Dawa ipo, programu inagawa umbali vipande vya sentimita 75, nimebakiza vitatu vya kwanza, vingine nimezima. Asubuhi nikamwambia yule dada na simu nikamwonyesha, akaomba niihamishie kwenye plaiwudi yake impe mgongo, nimehamisha. Nyota moja nakata kwa muuzaji, aliniuliza rangi ya waya ila habari ya ukuta hakunigusia kabisa.